Saruji Imeganda, Shemeji Kanigeuka

Shoga, uko? Nimejifungia stoo hapa kazini.

Ile saruji ya kusukuma kwa pampu kwenye nyufa za ukuta imeganda. Nilimwambia shemeji tuipange juu ya mbao, mbali na ukuta, tuifunike. Akasema, "Mimi ndiye msimamizi, acha maneno." Mifuko ikalala sakafuni, ikanywa unyevu.

Leo kaiponda kwa nyundo, kaichanganya hivyohivyo! Mabonge yakaziba mpira wa pampu, ukapasuka, uji wote wa saruji ukamrukia fundi machoni. Wamemkimbiza hospitali analia kama mtoto.

Bosi akauliza nani kaiweka vile. Shemeji, bila hata kupepesa: "Muulize mtunza stoo."

Mtunza stoo, yaani mimi! Mume wa dada yangu, shoga!

Na unajua nalala sebuleni kwao. Nikimtaja sina pa kulala, nikinyamaza sina kazi. Nikakumbuka kile kilio cha fundi, nikasema ukweli. Bosi kamfukuza palepale.

Sasa hivi dada kaniandikia: "Njoo uchukue nguo zako kabla hajafika."

Sijui ananifukuza au ananiokoa.