Kigae Nilichokimwagia Maji

Kwa Baba,
Goweko.

Shikamoo Baba. Hapa nimekuachia nafasi ya marahaba yako, ile unayoitoa nusu huku sikio likiwa kwenye redio. Mama naye shikamoo. Miguu yake inaendeleaje? Nyamizi aliniambia kwenye simu kwamba sasa Mama anakwenda kisimani mwenyewe bila fimbo, lakini sikuamini sana, maana dada yangu huyu hunipunguzia habari mbaya kama mtu anayempunguzia mgonjwa chumvi. Ndiye anayekusomea barua hii, na ninamwomba asiruke mstari hata mmoja, hata akiona aibu kwa ajili yangu.

Utashangaa kwa nini nimeandika kwa mkono wakati simu ipo. Simu nimejaribu, Baba. Kila nikitaka kulianza jambo hili unaniuliza kama huku kuna baridi, nakujibu baridi ipo, halafu tunaagana. Ndiyo maana karatasi hizi nimempa Mtanzania mwenzangu anayerudi Dar, azipakie kwenye basi la Tabora, Shangazi azipokee pale dukani kwake Mtendeni.

Mimi ni mzima. Bado niko kusini mwa Ufaransa, kwenye shamba la zabibu la mzee Bernard. Msimu huu tunafunga matawi machanga kwenye waya, siku nzima umeinama, na jioni natembea kama mtu anayetafuta sindano chini. Chakula kipo, ila ugali naupika mwenyewe Jumapili kwa unga wa kubahatisha, na Mama angeuona asingeuita ugali. Hayo yote yanavumilika.

Huku nako wanaogopa mvua ya mawe, Baba. Ikipiga mizabibu wakati huu, mwaka umekwisha. Sasa nyuma ya ghala la Bernard kuna mtambo mdogo wa chuma, una bomba kama la jiko la kuni na mtungi wa dawa iliyochanganywa na madini ya fedha. Watu wa hali ya hewa wakiona dalili, wanatuma ujumbe kwenye simu kwamba tuwashe. Unawasha saa kadhaa kabla, wakati mwingine jua ni kali na mbingu nyeupe kabisa. Wanasema chembe za ile dawa hupanda na hewa ya joto mpaka ndani ya wingu, barafu inajigawa kwenye chembe nyingi, basi mawe yanakuwa madogo madogo na kuyeyuka kabla hayajagusa jani. Mitambo hiyo iko kila baada ya vijiji viwili vitatu, na kila mmoja una mtu wake. Mtu wa mtambo wa kwetu nilikuwa mimi.

Najua hapo redio umeizima.

Siku Bernard aliponikabidhi kiberiti nilicheka mpaka akaniuliza kuna nini. Nikamwambia baba yangu alikuwa na kazi hii hii. Akataka kujua ulikuwa na mtambo wa aina gani. Nikamwambia, "Kigae cha chungu kilichovunjika, makaa, na mizizi." Hakucheka. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia habari za fundi mwenzake. Yaliyobaki sikumwambia, na hayo ndiyo nataka Nyamizi ayasome taratibu.

Wewe unayajua, ila wengine hawayajui. Shamba letu liko upande mawingu mabaya yanakotokea, ndiyo maana tangu enzi za Babu watu wa Goweko walitutegemea sisi. Babu alisema dawa ile aliiacha mpagazi wa misafara aliyeugulia kwetu akielekea pwani, ukoo ukamtunza mpaka akapona. Wingu likija na lile tumbo lake la kijani, wewe ulikuwa unatoka na kigae chako, unakiweka mwanzo wa shamba, na moshi unakwenda juu ya tumbaku yetu na ya Mzee Kapela na ya wote walio nyuma yake. Kila mavuno walikuletea asali. Nimekua nikila asali hiyo bila kujiuliza inatoka wapi.

Siku ile nilikuwa nimetoka chuo cha kilimo, sina hata miezi miwili nyumbani. Bwana shamba alikuja kutazama tumbaku, nami nikatembea naye kwenye matuta nikimwaga maneno ya darasani. Majani yalikuwa yamenifika kiunoni, karibu kuanza kuchumwa. Wingu likatanda, ukatoka na kigae, ukakiweka, ukarudi ndani kuchukua mizizi mingine. Bwana shamba akauliza, "Mzee anapika nini pale?" Nikasema, "Aa, mambo ya kizee tu hayo." Akacheka kidogo. Kile kicheko chake kidogo kiliniingia kama mwiba. Mkononi nilikuwa na chupa ya maji ya kunywa. Nikakimwagia kigae chote, makaa yakalia, nikakisukumiza kando kwa kiatu ili ajue kwamba mimi siyo wa mambo hayo.

Ulipotoka na mizizi yako uliniona, Baba. Ulichuchumaa ukijaribu kuwasha upya na makaa yaliyolowa mpaka jiwe la kwanza lilipokugonga begani.

Asubuhi tumbaku yote ilikuwa imebaki mishipa ya majani, yetu na ya jirani zetu. Mzee Kapela alifika kabla ya chai. Akasema, "Wangaluka," ukaitikia. Akakuuliza, "Ndugu yangu, jana hukuwasha?" Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa bani, pale tunapokaushia tumbaku, hatua chache tu kutoka kwenu. Nilingoja uninyooshee kidole. Ukamjibu, "Niliwasha. Dawa imechoka. Imezeeka kama mimi."

Nami nikanyamaza. Nilipenda sana kunyamaza siku ile, ndiyo kweli yenyewe. Bani lilikuwa tupu na mimi nikajifanya nalifagia.

Tangu hapo hakuna aliyekuja mbio kukuita wingu likitokea. Asali haikuja tena. Kwenye vikao wakawa wanaanza bila wewe, na wewe ukaanza kukaa na redio. Mimi nikapata nafasi ya mafunzo huku, nikaondoka na suti mpya na heshima zote, nikakuacha umebeba kosa langu. Miaka minane sasa, Baba. Sijui ulikuwa unakula vipi meza moja na mimi.

Sasa sikia kilichonitoa usingizini. Mwezi uliopita Bernard alikwenda kumtembelea binti yake, akaniacha na mtambo. Mchana ujumbe ukaingia kwamba tuwashe. Nikatazama juu, mbingu safi. Mara nyingi tumewasha na hakuna kilichokuja, hata mvua ya kawaida. Nikasema moyoni leo hawa wamekosea, nikarudi kwenye matawi yangu. Jioni wingu likatokea nyuma ya kilima, likapita juu yetu bila kutugusa, likaenda kumwaga mawe kwa jirani, mama mmoja mjane anaitwa Sylvie. Nusu ya mizabibu yake ikalala chini.

Bernard aliporudi akauliza, "Uliwasha?" Nikamjibu, "Niliwasha." Neno lilitoka lenyewe, Baba, kana kwamba lilikuwa limekaa mdomoni tangu Goweko. Bernard akashika kichwa, akasema basi labda dawa ilikuwa na kasoro, atawaambia majirani hivyo. Hapo nilikusikia wewe.

Nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu nilimwambia Bernard ukweli, kisha nikaenda mwenyewe kwa Sylvie. Nilimkuta katikati ya matawi yaliyokatika, ana mkasi mkononi. Nikamwambia ujumbe ulikuja na mimi sikuwasha. Akasema, "Huenda yangeanguka tu. Ila sasa sitajua." Kisha akanipa mkasi mwingine, tukakata matawi yaliyovunjika mpaka jioni. Bernard amenipokonya kiberiti, na simlaumu.

Nilikuwa nimewahi kumuuliza kama mtambo wake unafanya kazi kweli. Aliniambia hata wenye elimu wanabishana, kwa sababu wingu ukishalipa dawa huwezi kulirudisha ulione lingefanya nini bila dawa. Nikamuuliza, "Sasa kwa nini unawasha?" Akasema, "Sylvie yuko upande upepo unakokwenda."

Baba, sijui kama mizizi yako ilizuia kitu. Sikuandikii kukwambia kwamba ilizuia, maana ungejua nakubembeleza. Labda mawe yale yangekuja hata kama kigae kingewaka mpaka asubuhi. Lakini Mzee Kapela alikuwa na haki ya kujua nani alikizima, na wewe ulikuwa na haki ya kubaki mtu anayeitwa. Nilikunyang'anya hilo kwa sababu ya kicheko cha mgeni ambaye hata jina lake nimelisahau. Naumia, Baba, na najua kuumia kwangu hakurudishi kitu.

Kuna jambo moja ninaloweza kufanya, nalo nalifanya kwa mkono wa Nyamizi. Sasa ni wakati wa kuchambua tumbaku na kuipanga madaraja, na najua bado mnachambuliana kwa zamu. Zamu ikifika kwetu, wakiwa wote wamekaa banini, Mzee Kapela na wenzake, naomba barua hii isomwe tena mbele yao. Wewe utakataa. Utasema yamepita. Nyamizi, usimsikilize Baba safari hii, mkosee adabu mara moja kwa niaba yangu. Mama anajua kumtuliza.

Msalimie kaka yetu mkubwa wa Ipuli, mwambie viatu vya mwanawe vinakuja. Shangazi wa Mtendeni mshukuru kwa kuipokea barua, na mumwombe radhi kwa aliyoyasoma, maana najua ameifungua na kuisoma kabla yenu. Babu mdogo, anayechunga ng'ombe, mpeni shikamoo yangu. Mama nambusu mikono.

Na Mzee Kapela, ikiwa unasikia maneno haya, shikamoo. Siku ile ulimuuliza Baba kama hakuwasha. Aliwasha. Dawa haikuchoka.

Ni mimi mwanao Mihayo, niliyemwaga maji.