Vichupa vya Baruti Havipimwi kwa Kilo

Mpendwa Baba,

"Mzee alikusanya takataka za mkoloni, na takataka haina mrithi." Hayo ni maneno ya Okello, kifungua mimba wako, siku tulipogawana vitu vyako. Kisha akapakia sanduku lako la bati kwenye gari akaenda nalo kwake Milimani. Jumamosi anavipeleka vichupa vyako vyote saba vya baruti Mamboleo, kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, viyeyushwe viwe mifereji ya maji.

Kasomea wapi ujinga huo? Alikuwepo kama mimi.

Alikuwepo, miaka ya themanini, uliporudi nyumbani Nyalenda na kile cha kwanza: kichupa cha shaba cha kubebea baruti, cha enzi za magobore, chenye umbo la peari na mbwa wawili wa kuwinda ubavuni. Mwenye duka mmoja mjini alikuwa akikitumia kukandamiza karatasi zisipeperuke. Jirani yetu Mama Atieno alicheka hadi akashika mlango.

"Mzee, na bunduki iko wapi?"

"Nimemwachia mkoloni," ukamjibu. "Chupa ya baruti ninayo mimi. Tuone atafyatua nini."

Huyo ndiye Okello anayemwita mkusanya takataka za mkoloni!

Unakumbuka ile Krismasi? Mama alitaka wageni wakute nyumba inang'aa. Akakichukua kichupa cha mbwa, akakisugua kwa mchanga wa ziwa kama anavyosugua sufuria. Ule wekundu mzito uliojijenga kwa zaidi ya miaka mia ukaisha asubuhi moja, na mbwa mmoja akabaki bila uso. Ulikigeuzageuza mkononi.

"Mama Okello, umemfukuza mbwa."

"Hiyo kitu ilikuwa chafu, Baba Okello. Na si sasa inang'aa?"

Hukufoka. Ulikichemsha mara tatu, ukakitia sukari. Kuanzia hapo ndicho kilichotupimia sukari ya chai: kidole kwenye mdomo, unakipindua, unabana kile kichuma cha pembeni kinachofungua njia, unaachia, na kipimo cha risasi moja kinamwagika kikombeni. Kila mtu kipimo kimoja, wewe ukiwa wa mwisho. Okello alikuwa akiomba cha pili. "Wewe umeshapigwa risasi moja, kaa chini," ukamwambia, na Mama akacheka mpaka machozi.

Vile sita vingine ulivipangusa kwa kitambaa kikavu tu, kila Jumapili baada ya kanisa, miaka yote ya tisini. "Kikiwa kwangu hakijazwi baruti tena," ulisema. Sijasoma hoja fupi kuliko hiyo dhidi ya vita, na nimesoma vitabu vingi.

Nimezoea kugombana magazetini, Baba, na barua hii pia inatoka huko; sitetemeki. Lakini asubuhi ya leo nilitia sukari kwa kijiko, na chai ikanishinda. Mama alisahau thamani siku moja, akajuta maisha yake yote. Okello anasahau kwa makusudi.

Pumzika. Sisi huku bado tunabishana, kama ulivyotulea.

Nawe Okello, rudisha sanduku Nyalenda kabla ya Jumamosi. Chai itakuwa mezani, na safari hii nitakupa vipimo viwili. Na wewe mwenye mizani pale Mamboleo: akija mtu wa gari na sanduku la bati, akikuonyesha mbwa asiye na uso, usipime. Mrudishe kwao.

Binti yako wa pili