Kiti cha Nyuma Kwenye Gari ya Ruphin

Kataki, Kalemie
Tarehe 10 Juni 2024

Mpendwa Yaya Célestin, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zetu sote wa huku. Mgongo wa Claudine unaendeleaje? Na watoto, ile homa imewaacha? Sisi tuko, tunapumua, Mungu anatushika mkono. Mama ni mzima. Nalirudia ulisome vizuri kabla hujaendelea: Mama ni mzima, jana amekula bukari ya mihogo na samaki wa mikebuka hapa kwangu, akalalamika kwamba chumvi haikutosha.

Leo sikai mahali pamoja. Naandika mistari kidogo, nasimama, naenda kuangalia barabarani kama mume wangu Ruphin anarudi, narudi. Jirani yangu Arlette anapanda ndege ya Lubumbashi kesho asubuhi, ndiye atakayekutia barua hii mkononi. Kwa simu sitaki. Kwenye simu zetu sauti zinatembea, na wewe unajua nasema nini.

Ile sauti uliyotuma kwenye kikundi cha familia, kwamba Mama anaugua tu akifika kwa Ruphin, na kwamba muntu anayemuangusha yuko ndani ya nyumba yangu, mume wangu aliisikia. Alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini, akaenda kazini bandarini bila kuniaga. Nilikukasirikia, Yaya, nakuambia wazi. Umemwita muntu mchawi bila kulitaja neno lenyewe.

Halafu nikaogopa, maana nusu ya maneno yako ilikuwa kweli. Kwake Lubuye Mama analima mihogo yake, hana shida. Ruphin akimleta kwetu Siku ya Mungu baada ya misa, anashuka garini kichwa kinampasuka, anatapika, anajilaza. Jioni tunamrudisha bado anayumba, na kesho yake yuko shambani tena. Daktari akasema ni tansyo, damu inapanda, akampa vidonge. Havikubadilisha kitu. Usiku nilikuwa namtazama Ruphin amelala, nikijiuliza maswali ambayo mke hapaswi kujiuliza.

Sasa nikueleze habari ya gari, na usicheke. Unaikumbuka, ile ya viti saba iliyovuka ziwa kutoka Kigoma. Inanuka. Wala hakuna aliyeshangaa, kwa sababu siku za juma inabeba mifuko yangu ya samaki wa ndagala kutoka ufukoni mpaka sokoni. Ingenuka nini, waridi?

Lakini mwanzoni mwa kiangazi harufu ilizidi, na mimi nikaona aibu. Nilitoa mazulia, nikayaosha kwa sabuni ya unga, nikayaanika. Nikasugua viti kwa ndimu. Nikaweka makaa kwenye kopo chini ya kiti, vile Mama alivyotufundisha kwa kabati. Chini ya gurudumu la akiba nikakuta mukebuka ulioanguka sijui lini, ulikuwa umeshageuka kitu kingine. Ruphin alicheka mpaka akashika mlango. Nikadhani tumemaliza.

Hatukumaliza. Samaki aliondoka, ikabaki harufu nyingine, ya kitu kilichoungua, na ilikuwa kule nyuma tu. Ruphin akasema ni mafuta ya ndagala yameingia ndani ya vyuma, jua linayapika. Nikakubali, mimi muuza ndagala, mimi ambaye pua yangu ingepaswa kujua kwamba ndagala hainuki hivyo. Nikanunua marashi ya gari, ya vanila, nikayatundika karibu na kiti cha Mama ili asafiri vizuri. Mpaka leo nikisikia vanila naziba pua.

Nilimuuliza Mama, “Kule nyuma hakunuki?” Akanijibu, “Hapana, mwanangu. Gari ya mukwe wangu njo muzuri sana.”

Unamjua Mama na heshima ya bukwe. Tangu niolewe hajala mbele ya Ruphin, hajamshika mkono, hamtaji jina. Garini hakai karibu naye. Anaenda kiti cha nyuma kabisa, anaketi kiubavu, kitambaa kimemshuka usoni, na vioo tunafunga kwa ajili ya vumbi. Mimi niko mbele na kioo changu nusu wazi, nafurahia upepo.

Siku ya Mungu ya juma lililopita aliinama katikati ya njia, nikahamia nyuma nimshike kichwa. Barabara ya Lubuye unaijua, gari inatambaa kama inatafuta sindano. Hatujafika mbali, nikasikia macho yanawaka, kichwa kinagonga, tumbo linapanda. Nikamwambia Ruphin asimamishe. Nilitapika kando ya barabara, mbele ya mama mmoja muuza mikate, naye akaniuliza kama nina mimba. Kwa umri huu.

Nje, kwenye hewa, ikaanza kupungua. Na Mama pia, palepale, akanyoosha shingo. Tukatazamana. Mimi sina tansyo, Yaya.

Ruphin hakuwa amezima injini. Nikazunguka nyuma, nikafungua mlango mkubwa, nikapangusa mpira wake kwa kitambaa cheupe cha Mama. Kikatoka cheusi kama chini ya chungu. Ule mpira umekatikakatika, na sisi ndio tuliouua, kwa kufunga mlango kwa kamba nusu wazi kila mifuko ikizidi. Moshi wa gari ulikuwa unaingilia pale.

Kesho yake fundi Israël aliinua gari. Bomba la moshi lilikuwa limepasuka kwenye kiungo, sawasawa chini ya kiti cha Mama. Alilichomelea, akabadilisha mpira wa mlango. Akatuambia kwamba moshi ule unaweza kumlaza muntu asiamke tena, na kwamba harufu ndiyo iliyokuwa inatuonya. Nikayakumbuka marashi yangu, nikaketi chini kwenye matairi yake.

Wewe pia una gari, unabeba watoto. Harufu ya samaki au ya unyevu, osha, anika. Lakini ikinuka moshi au benzini ndani, fungua vioo, simama, washushe watu, mwite fundi. Usitundike kitu kinachonukia.

Nilimuuliza Mama tena, mimi na yeye jikoni. Alikuwa anaisikia ile harufu? Akasema ndiyo, tangu vumbi lianze. Kwa nini hukusema? “Ningesemaje? Muntu anamwambia mukwe wake kwamba gari yake inanuka?” Nililia kwa hasira, naye akaendelea kuchambua majani ya sombe, ananishangaa.

Jana ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kupanda tena. Nilikaa naye nyuma, vioo vyote wazi, tukafika tumepakwa vumbi kama watu wa saruji ya Kabimba. Njia nzima nilikuwa nanusa. Kichwa hakikumuuma, na mimi hakikuniuma. Kwa hiyo mpango wako wa kumhamishia Lubumbashi uuache, nakuomba. Hakuna mchawi hapa.

Lakini raha bado sijaipata, kwa sababu ya Ruphin. Usiku ule wa fundi aliniambia, “Célestin alisema kweli. Njo mimi nilikuwa namumaliza Mama.” Asubuhi kabla ya kazi anafungua mlango wa nyuma, ananusa, anafunga. Akirudi anafanya vilevile. Jana aliendesha kwa sababu nilimlazimisha, na amesema hatambeba Mama tena. Namwambia lilikuwa bomba, ananijibu bomba lilikuwa la kwake. Neno langu halimshiki, anasema mke lazima aseme hivyo. Na Mama hawezi kuketi na mukwe wake kuzungumza jambo la namna hiyo. Kwetu neno zito linalomwendea mukwe hupita kwa mwanaume mkubwa wa familia. Papa hayupo. Umebaki wewe, na ni wewe uliyemtia neno lile moyoni.

Mpe salamu Claudine, awabusu Tony na Fanny kwa niaba ya shangazi yao. Mungu awalinde njiani na nyumbani, awape usingizi mzuri kuliko wangu.

Jana, kabla ya kumrudisha, Mama aliniita pembeni akanipa ujumbe nikufikishie, nami nauandika vile alivyousema: “Célestin amwambie mukwe wangu, sina neno naye moyoni. Amwambie, Siku ya Mungu namungoja, nimeshavaa.”

Mpigie Ruphin, Yaya, si mimi.

Mdogo wako anayekupenda hata akikukasirikia,

Gisèle