Kilichobaki Kichwani mwa Mume Wetu

Kwako yaya Zaina, mkubwa wangu, mke mwenzangu,

Sijui salamu za aliye hai kwa aliyetangulia zinaandikwa namna gani. Shule niliishia darasa la tano na huko hawakutufikisha. Basi nianze na lililo kweli: mimi Mwayuma, mdogo wako, nina wivu. Umelala udongoni miaka yote hii na bado nakuonea wivu. Mungu nimeshamwambia, tena kwenye sijda. Sasa nakuambia wewe, na barua naiacha wazi kwa sababu sina pa kuituma, na labda hapa mjini Kindu yuko mwanamke mwingine anayemuuguza mume asiyemjua tena.

Mzee Ramazani wetu anasahau. Alianza kusahau miwani, kisha njia ya kurudi kutoka msikitini, kisha majina ya watoto. Daktari alisema ni ugonjwa wa ubongo: chembe za ndani zinakufa moja moja, mwenye kichwa akiwa bado anatembea. Niliitika tu. Nilifikiri kusahau ni kama mvua, inalowesha wote. Sivyo. Mume wetu amenisahau mimi, wewe hajakusahau.

Kila asubuhi nikimletea maji ya kutawadha ananiuliza, "Leo zamu ya nani?"

"Yangu, Mzee."

"Weye nani?"

"Mwayuma. Muke wako."

Anacheka kwa adabu, kama mtu aliyetaniwa na mgeni. "Muke yangu njo Zaina. Umuite." Ndiye Zaina, si mimi.

Yaya, unajua tulivyogawana. Siku mbili kwako, mbili kwangu, na hukuwahi kunipunja hata jioni moja. Nilikuwa nahesabu kwa vidole, nikingoja zako ziishe. Leo zamu zote ni zangu, wiki nzima, mwaka mzima, na sina hata moja. Akikataa chakula nasema, "Zaina njo amepika." Hapo anakula mpaka anakomba sahani. "Ee, mukono wa Zaina!" Sombe la majani ya muhogo nimetwanga mimi, mawese nimetia mimi, mkono uliosifiwa ni wako. Naenda kuosha vyombo nimebana midomo.

Na kichwani mwake huzeeki. Mimi magoti yamekwisha, nikiinuka lazima nishike ukuta. Wewe bado una lile pengo la meno ya mbele, bado unacheka kwa sauti mpaka barabarani, kama ulivyokuwa miaka ya vita.

Miaka ile gari la moshi lilikuwa halifiki tena, mtoni hakupiti chombo, chumvi tuliichuja kwenye majivu. Nguo zilituishia mwilini mpaka tukabaki na kikwembe kimoja cha kutokea nje, mimi na wewe. Tukakitia zamu, kama tulivyomtia mume zamu. Ukikifunga wewe kwenda shamba, mimi nabaki uani nimejifunga gunia.

"Toka hivyo hivyo, Mwayuma," ulinitania. "Wenye bunduki wakikuona watakimbia wote, vita itaisha."

Ndipo wenye bunduki walipomchukua Mzee awabebee mizigo porini. Alirudi baada ya wiki nyingi, kichwa kimepigwa kwa kitako cha bunduki. Usiku halali usingizi, akisikia hata mchi unagonga kinu anaruka na kupiga kelele. Nyuma ya jiko lako kulikuwa na mashina matatu ya bangi. Kila mtu uani aliyajua; kuku wakiumwa uliwapa majani yake, na hakuna kwetu aliyevuta. Ukaanza kumchemshia Mzee jani moja katika mawese, ukampa kijiko. Kwenye zamu yako alilala kama mtoto. Kwenye zamu yangu alipiga kelele mpaka majirani wakaniuliza namfanya nini.

Wivu ukanipa akili mbaya. Nikajiambia, hii si dawa ya usingizi, hii ni dawa ya mapenzi. Siku ya zamu yako ya kikwembe, ulipokwenda shamba, nikazunguka nyuma ya jiko na gunia langu, nikayang'oa mashina yote matatu, nikayatupa chooni. Nilianza na Bismillahi, yaya. Nilidhani namwokoa mume.

Uliporudi ukayaona mashimo. Ukaliangalia gunia langu lilivyojaa udongo.

"Ulifikiri njo dawa ya mapenzi?"

Nikalikung'uta gunia.

"Mwayuma, kama ingekuwa dawa ya mapenzi, ningekunywa miye mwenyewe, nipate kukupenda."

Ukacheka, ukajifungua kikwembe, ukanirushia nikajisitiri. Zamu ilikuwa bado yako. Usingizi wa Mzee ulirudi polepole, ukachukua miezi, bila jani. Hatukulizungumza tena. Vita ilikwisha, homa ikakuchukua, na mimi sikuwa nimekuomba msamaha.

Sasa sikiliza lililonifanya nishike kalamu. Binti yako Aziza amekuwa mtu wa dawa za hospitali, anafanya kazi Kisangani. Alinipigia simu kuuliza hali ya baba yake. Katikati ya maneno akasema kuwa siku hizi wataalamu wa nchi nyingi wanauchunguza mmea wa bangi kwa ajili ya magonjwa ya ubongo kama huu. Nikadhani ananitega. "Mama yako alikuhadithia!" nikasema. Kumbe mtoto hakujua lolote. Nimejifichua mwenyewe, ikabidi nimwambie yote, mashimo, gunia, choo.

"Aziza," nikamuuliza, "miye njo nilimuharibia baba yako kichwa?"

"Hapana, mama mudogo. Hakuna anayeweza kusema vile. Jani la mama lilimpa usingizi tu, na hata hiyo hatujui vizuri."

Akanieleza pole pole, kama mwalimu. Ndani ya mmea ule mna vitu vingi. Kuna kile kinacholevya, na kuna vingine visivyolevya. Kimoja kinaitwa kanabidioli, nililiandika jina lake kwa mkaa ukutani jikoni nisilisahau. Wanatafuta kujua kama vitu hivyo vinaweza kutuliza moto ulio ndani ya ubongo na kuzikinga chembe zisife mapema. Kwenye vyombo vya maabara na kwa panya wameona dalili njema. Kwa binadamu bado hawana uhakika. Akanikataza kumchemshia baba yake jani lolote. Akanikataza na vile vichupa vinavyopitishwa sokoni vikiitwa mafuta ya bangi: hakuna ajuaye kilichomo, mzee anaweza kuanguka, anaweza kuchanganyikiwa zaidi, vinaweza kugombana na dawa zake za presha.

"Na hiyo dawa ikipatikana," nikasema, "atanikumbuka?"

"Wanatafuta kulinda, mama mudogo, si kurudisha. Kilichokwenda kimekwenda. Wanataka kukinga kilichobaki."

Kilichobaki, yaya, ni wewe.

Hapo ndipo aliponiomba. Anataka kumpeleka baba yake kwa daktari wa ubongo huko Kisangani, apimwe vizuri, apewe dawa zilizopo ili ugonjwa upunguze mwendo. Siku ile dawa mpya ikithibitishwa, iwe ya jani au ya kitu kingine, imkute bado ana kitu cha kulindwa. "Lakini weye njo muke wake," akasema. "Bila weye siwezi kumutoa hapo. Ukikubali nakuja, tunapanda ndege wote."

Nikamjibu, "Niache niswali kwanza."

Nilidanganya. Niliswali, lakini hilo sikulitia kwenye dua, kwa sababu niliogopa jibu. Simu zake nikaziacha zilie. Nilikuwa na hesabu yangu. Nikikubali, kazi ya madaktari itakuwa kumlinda Zaina. Watamwekea kinga, adumu na pengo lake na kicheko chake, na mimi nidumu kwenye vyombo. Nikikataa, ugonjwa utaendelea na kazi yake, na siku moja Mzee ataamka bila wewe. Hapo tutakuwa sawa, wote wawili si kitu. Fikra hiyo niliipenda, yaya. Nilimlisha nikisema moyoni, bado kidogo. Nilimfuta mdomo nikisema, bado kidogo. Mtu anayefunga Ramadhani zote, anayewafundisha watoto wa mtaa alifu na bee, huyo ndiye alikuwa anangoja mumewe afe kichwa ili akupokonye.

Ijumaa, baada ya swala, nilimkalisha kibarazani nimkate kucha. Kulikuwa na jua zuri, watu wanapita wakimsalimu, naye anaitika bila kujua anamwitika nani. Nilikuwa kwenye kidole gumba nilipoona ananiangalia. Ananiangalia mimi, si barabara iliyo nyuma yangu.

"Mama, mukono yako iko pole."

"Asante, Mzee."

"Uko na bwana?"

"Niko naye."

"Iko muzuri?"

"Anasumbua."

Akacheka mpaka akakohoa. "Anasumbua, lakini alibahatika." Kisha akageuka kuutazama mlango wa jiko, akainama karibu na sikio langu, akanong'ona kama kijana anayeiba maembe: "Kesho ukuje tena. Lakini Zaina asijue. Ule muke iko na wivu!"

Wewe, yaya! Wewe ndiye mwenye wivu! Mkasi uliniponyoka. Nikaitikia kwa kichwa, nikacheka, nikalia, na yeye akawa ananipigapiga begani, "Pole, mama, pole," akidhani nimejikata. Miaka yote nilikaa nje ya kichwa chake nikigonga kwa jina langu, Mwayuma, Mwayuma, muke wako. Jina halikufungua. Nimeingia kwa mlango wa uani, sina jina, sina nikahi, nakata kucha, na amenipenda tena mwenyewe, bila dawa ya mtu yeyote.

Nilimuingiza ndani apumzike, nikampigia Aziza.

"Kuja umuchukue baba yako," nikamwambia. "Na miye nakwenda naye."

"Umeswali, mama mudogo?"

"Sasa njo nimeswali."

Anafika wiki ijayo. Nimeshafua kanzu zake. Nawaombea wale wataalamu wa panya na vyombo, watu nisiowajua hata dini zao, Mungu awaonyeshe njia ya kukikinga kilichobaki, chote, asibaguliwe mtu: wewe na pengo lako, na yule mwanamke wa kucha. Kama si kwa Mzee, basi kwa mume wa mwingine.

Nisamehe mashina yako. Nisamehe na ile "bado kidogo."

Lakini kwa hili lingine siombi radhi. Mzee alinibembeleza usijue, na mimi nikaitika. Nimekuandikia ukurasa mzima, kwa mkono wangu, ulijue lote. Alinong'ona, Zaina. Alinishika bega. Keti nalo huko, uone na wewe linavyouma.

Mungu aliangaze kaburi lako.

Mke mwenzako, mdogo wako,
Mwayuma