Msichana wa Kutegua Mabomu

Sparkhill, Birmingham
Jumapili

Yaya Gisèle, dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, za mume wangu Gaston na za Aganze wetu, ambaye siku hizi namsemesha Kiswahili naye ananijibu Kiingereza. Mama anaendeleaje na miguu yake? Sisi huku tunaishi kwa neema ya Mungu, ila nimechoka, Yaya, uchovu ambao hata usingizi hauuondoi.

Uliniuliza nafanya kazi gani hasa. Namtunza bibi kikongwe anayeitwa Zinaida, mwenye miaka mia moja na moja. Alikulia Urusi, enzi za Muungano wa Kisovieti, akaletwa huku na bintiye Rita, ambaye naye amezeeka. Namwogesha, namlisha, namgeuza kitandani. Kisha napanda basi la Stratford Road, nasimama njia nzima, nafika nyumbani naanza kupika.

Siku moja nilipomweleza hayo alicheka hadi akakohoa. Alisema kwao ilikuwa vivyo hivyo. Mchana aliendesha kreni kiwandani sawa na wanaume, jioni akapanga foleni ya mkate, halafu akapika na kufua. Kila siku ya wanawake ilipofika, mumewe alimletea maua, akaketi mezani kungoja chakula, na vyombo akaviosha yeye Zinaida. Serikali iliwatangazia kwamba wako sawa na wanaume, alisema, lakini mumewe siku hiyo labda hakuwasha redio.

Ana kovu refu pajani. Rita aliniambia ni ajali ya kiwandani, kwa sababu wakati wa vita vikuu mama yake alishona makoti ya askari. Mwezi uliopita, nikiwa nampaka mafuta, bibi akaniambia kwa sauti ya chini, "Sikushona koti hata moja. Hilo ni bomu."

Alikuwa askari, Yaya! Akiwa na miaka kumi na tisa, yeye na wasichana wenzake walipita mashambani na fimbo zenye ncha ya chuma, wakidunga udongo polepole, wakitegua mabomu yaliyofukiwa ili watu warudi kulima. Rafiki yake Tonya alikanyaga moja akafa palepale. Kipande cha bomu hilo ndicho kilichompasua bibi paja.

Nikamwuliza kwa nini alificha. Alisema wanaume waliporudi walitembea na nishani zao kifuani, watu wakawapisha njia. Yeye aliporudi, wanawake wa jengo lao walinong'ona kwamba msichana aliyelala kambini na wanaume hafai kuolewa. Nishani zake akazitupa mtoni. Alipochumbiwa, akasema alikuwa mshonaji, na mumewe alizikwa akiamini hivyo.

Rita alipokuja, bibi alinishika mkono akamwambia yote. Rita alikasirika sana. Alisema baba yake alikufa bila kumjua mke wake, akatoka bila hata kuchukua koti. Siku nyingi hakuonekana. Aliporudi aliniomba beseni, yeye mwenyewe akamwogesha mama yake. Alikaa kitambo na kitambaa juu ya lile kovu, kisha akauliza Tonya alikuwa msichana wa namna gani. Nikawafungia mlango, nikaenda kulia jikoni.

Sasa, Yaya, keti. Nimemwambia Gaston. Nimemwambia kwamba ile miaka miwili sikuwa kwa shangazi kule mjini Uvira, nilikuwa msituni na waasi. Nimemwambia kuhusu bunduki niliyopewa nikiwa na miaka kumi na tano, na kamanda aliyeniita mke wake. Nimemwambia ulinifuata huko ukakataa kuondoka bila mimi. Najua tuliapa mbele ya Mama kutosema. Sikuweza kuendelea kubeba.

Aliuliza jambo moja tu, kama ndiyo sababu sipendi kuguswa shingo. Nikasema ndiyo. Tangu siku hiyo analala chumbani kwa Aganze. Lakini asubuhi, kabla hajaenda karakana kule Hockley, ananiachia chai iliyofunikwa kwa sahani. Sijui itakuwaje. Sijutii.

Anataka kukupigia simu Jumamosi. Tafadhali, usimrudie ule uongo wa Uvira. Mwambie ulivyonikuta, hata yale ambayo mimi siyakumbuki.

Mbusu Mama kwa niaba yangu, na majirani wote wanaoniulizia uwaambie nipo.

Mdogo wako,
Nabintu