Shati la Mogaka

Jumatano

Saratani ya titi, kwa mwanamume! Nilimkaripia daktari: "Kijana, huyu Mogaka ni mwanangu, si binti." Akajibu, "Nyanya, hata mwanamume ana titi. Ni dogo, lakini linaugua." Anasema tumechelewa. Watamkata Jumatatu, kisha tutaona. Tutaona nini?

Mama yangu alikufa kwa ugonjwa huu. Binti zangu niliwafundisha kujipapasa, na Mogaka nikamfukuza jikoni: "Toka, haya ni ya wanawake!" Leo naambiwa ugonjwa huu hupita hata kwa wana wa kiume.

Doa la damu nililiona shatini mwake tangu tulipokuwa tukivuna mahindi. Alisema ni kamba ya kikapu cha majani chai imemchubua. Nikanyamaza, maana kwetu mama hamwambii mwana aliyetahiriwa avue shati. Ni chinsoni, ile aibu ya heshima.

Leo sista alipofungua kidonda, niligeukia ukuta. Mogaka akacheka vibaya. "Mama, hata sasa?"

Hata sasa, mwanangu. Mjinga mzee kama mimi...

Kesho kidonda nitakiosha mwenyewe. Chinsoni ikae nje na kuku.