Magadi Kidogo Tu

Jumatatu, 5 Mei
Mizani tena. Sabini na mbili. Imepanda, na chumvi nimeacha mwezi mzima! Nimeipiga teke. Sasa kidole kinauma.
Kidonge cha mkojo nimemeza. Chooni mara tano kabla ya chai. Miguu bado imevimba, viatu vya harusi haviingii. Jumamosi mjukuu wangu Zamzam anaolewa Koboko. Bibi, habuba, asiyecheza ngoma ya doluka harusini kwa mjukuu wake wa kwanza, huyo ni habuba gani?

Jumanne, 6 Mei
Kliniki. Daktari amenichorea moyo. Umechoka kusukuma damu. Mishipa nayo imezeeka: inachubuka ndani, mwili unaikarabati, lakini uzeeni ukarabati unachelewa na uvimbe wa ndani hauishi. Nimeshona nguo miaka arobaini, nimeelewa. Kitambaa kikuukuu ukikitia kiraka hapa, kinachanika pale.
Ijumaa kilo zisiposhuka, safari hakuna. Nimekasirika. Nimeogopa pia.

Jumatano, 7 Mei
Nimepika kunde bila chembe ya chumvi. Magadi kidogo tu, zilainike. Mke wa mwanangu, Amina, akanishika mkono: "Mama! Magadi si iko chumvi pia?"
Nikamcheka. Magadi ni magadi! Mama yangu alipikia, bibi yangu alipikia. Tukampigia daktari simu. Akacheka mpaka nikaona aibu: magadi nayo huvuta maji mwilini kama chumvi. Kumbe kila siku najivimbisha kwa mkono wangu mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Mjinga mimi!
Amina amemwaga magadi yote. Hakunicheka. Angenicheka, ningefurahi zaidi.

Ijumaa, 9 Mei
Sabini na nusu! Ruhusa nimepata. Wimbo mmoja, kisha kiti. Nimepiga kigelegele palepale kliniki, nesi akaitikia.
Mishipa haitarudi ujanani, daktari kasema. Sawa. Nani kaomba ujana?

Jumapili, 11 Mei. Koboko
Nilicheza. Viatu viliingia. Wanawake wa Koboko wajanja: waliposikia ni wimbo mmoja tu, wakakataa kuumaliza. Beti juu ya beti! Pumzi ikaanza kukatika, nikaenda kukaa mwenyewe. Zamzam akaja na vazi lake lote, akanichezea mbele ya kiti. Nililia bila haya.
Asubuhi hii nyumba imelala. Mizani nilikuja nayo. Sabini kamili.
Amina ameniletea kunde za peke yangu, bila magadi. Ngumu. Hazina ladha hata kidogo.
Nimekula zote.